Mchezo wa Kigoda Kando ya Mto Humber

Kiangazi kile mtaa wetu wa Weston, huku ughaibuni, ulinukia majani mabichi, maana mashine ya manispaa ilikuwa ikikata nyasi za uwanja ulio kati ya maghorofa yetu na Mto Humber. Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Jioni wavulana wa jengo letu walicheza kriketi pale, na sisi wasichana tukiwaokotea mipira. Bi Edith, mjane Mwingereza wa ghorofa ya pili, alituangalia kutoka roshani yake mpaka akachoka. Siku moja akashuka na miti miwili, kila mmoja umepigiliwa kibao cha mraba juu yake. Kwao mashambani, alisema, wanawake walikuwa na mchezo wao. Bibi yake alimsimulia kwamba ulianza na wakamua maziwa: mmoja alisimamisha kigoda chake cha kukamulia, mwenzake akakilenga kwa mpira, na mwenye kigoda akakilinda kwa mkono. Baadaye kigoda kikawa kibao juu ya mti, vijiji vikawa vinashindana baada ya mavuno, na wanawake wakakimbia na sketi zao ndefu huku kasisi amenuna.

Mama akanikataza. "Umeshakuwa mkubwa. Kurukaruka mbele ya wanaume, basi." Bi Edith alipopata habari alikuja kubisha hodi, nami nikawa mkalimani.

"Muulize mama yako, yeye utotoni alicheza nini?"

Mama alimimina chai kwanza. "Rede," alisema. "Mtaani kwetu Tanga hapakuwa na wa kunipata kwa mpira, niliukwepa kila ukirushwa. Nilipofika umri wako, baba akasema basi."

"Alifurahi kuacha?" Bi Edith aliuliza. Nilitafsiri na hilo, ingawa niliogopa.

"Hapana," Mama akajibu, macho kwenye kikombe. Kesho yake nilikuta ameniwekea raba zangu mlangoni.

Tulifanya mazoezi kiangazi kizima, kisha tukawaomba wavulana mechi ya kigoda. Tukishinda, watuachie uwanja siku mbili kwa wiki. Katikati ya mchezo mwenzetu mmoja akateguka mguu. Mama alikuwa kituoni na sare yake, akisubiri basi la kwenda kazini kwenye nyumba ya wazee. Akavuka barabara.

"Nisimame wapi?"

Mpira wa mwisho mvulana aliupiga ukapaa juu sana; ukidakwa, ametoka. Mama akaudaka kwa mkono mmoja, akageuka kwangu. "Sasa?"

"Tumeshinda, Mama!"

"Na basi langu limeshapita," alisema, akacheka mpaka akakaa chini kwenye nyasi.

Bi Edith alifariki miaka mingi iliyopita. Siku hizi nampeleka binti yangu kriketi Richmond Hill kwa gari; wana jezi, kocha na ratiba. Najaribu kumweleza kwamba kucheza kwenyewe tulikuombea ruhusa, sisi, na bibi yake, na wanawake wa nchi ya mbali kabla yetu. Kiswahili anakielewa. Ananisikiliza kwa adabu, kisha ananiuliza kwa Kiingereza kama nimembebea maji, halafu anakimbilia uwanjani.