Ukurasa Uliofuata Ratiba ya Maboza

Nilirudi Garissa na diploma ya kompyuta niliyojilipia mwenyewe Nairobi, kwa kutengeneza simu za watu. Haukupita muda, shirika moja lililosambaza maji katika kambi ya wakimbizi ya Ifo likanipa kazi ya kuandika mwongozo wa programu yao ya kupanga safari za maboza, malori yao ya maji. Niliuandika vizuri kuliko mwongozo wowote niliowahi kusoma. Kila sehemu niliiweka katika faili yake, kisha nikaorodhesha sehemu zote kwa mpangilio nilioupenda. Nilipobonyeza kitufe kimoja, kurasa zilijitengeneza, na chini ya kila ukurasa vikatokea viungo: "Iliyotangulia" kushoto, "Inayofuata" kulia. Sikuandika kiungo hata kimoja kwa mkono.

Asubuhi moja karani wa maji wa shirika hilo alinipigia simu. Alikuwa mama wa makamo, aliyekulia nyuma ya ngamia huko Fafi kabla ya kuijua kompyuta. Madereva walikuwa wamewasha maboza, lakini simu zao hazikuonyesha pa kwenda. Kambini watu walikuwa wamekwisha kupanga madumu foleni.

Nilimkuta ofisini mbele ya kompyuta, madereva wamesimama mlangoni.

"Eeddo, umefanya nini?" nilimuuliza. Kwetu Wasomali eeddo ni shangazi.

"Vile uliandika. Nimepanga ratiba. Nikabonyeza Inayofuata, ikaniletea Kufuta ratiba. Nikafuta. Nikabonyeza tena, ikaniletea Kutuma. Nikatuma."

"Sasa mtu anapanga kitu halafu anakifuta?"

"Hata mimi nilishangaa. Lakini kitabu ni yako, walaal, ndugu yangu. Wewe ndio una diploma."

Madereva wakacheka. Nilimweleza kwamba kupanga na kufuta nimeziweka pamoja kwa sababu zote mbili zinahusu ratiba.

"Mtu akikuelekeza maji kule kwetu," alisema, "anataja kisima utafika kwanza. Hataji visima vinafanana."

Nilikubali kosa ni langu, jambo lisilonitokea mara nyingi.

Akaanza kuingiza ratiba upya kutoka kwenye daftari lake. Mimi nikafungua orodha yangu, nikahamisha mstari mmoja tu: Kufuta ikaenda mwisho, kwenye sehemu ya marekebisho. Nikabonyeza kitufe, na viungo vya mwongozo mzima vikajipanga upya vyenyewe. Nilimwonyesha. Sasa baada ya Kupanga ilikuja Kutuma. Akatuma, simu za madereva zikalia, na boza la kwanza likaondoka.

Saa nne dereva wa mwisho akapiga kusema madumu yanajazwa. Karani akaagiza chai ya maziwa, akavuta kiti chake karibu na changu.

"Haya, nisomee hiyo orodha yote," alisema.

Nikamsomea vichwa vya sehemu kimoja baada ya kingine, naye akaniambia kila kimoja kikae wapi. Tulibishana mara tano. Moja nilishinda. Mwongozo huo bado unatumika, nami bado nasema hakuna mzuri kuliko huo kutoka Garissa hadi Dadaab.