Matanga ya Mcheza Sinema

Nilimdanganya mama yangu, na nilimdanganya nikiwa na miaka hamsini na mbili, kwa hiyo siwezi kusingizia utoto. Nilimwambia Jumamosi kuna matanga. Hayakuwa matanga. Ilikuwa sherehe ya kumkumbuka mwanamke mmoja aliyecheza sinema huko Hollywood wakati sinema ndiyo kwanza zimeanza kusema. Alicheza chache, akaolewa, akapotea, na dunia nzima ikamsahau isipokuwa watu wanane wa Etobicoke, mtaa wetu hapa Toronto.

Mwenyekiti wa hao wanane ni jirani yangu. Tunakaa ghorofa ya tisa, milango imepakana, ukuta mmoja. Ni mzee mrefu, mpole, mzaliwa wa hapahapa Toronto, anayevaa tai hata akienda kutupa takataka. Chama chenyewe alikianzisha mkewe, na mkewe huyo, nakiri, sikumpenda sana, kwa sababu ya kicheko. Mama yule akicheka, masufuria yangu kabatini yanaitikia. Kicheko kilianza chini, kikapanda, kikakatika, ukidhani kimekwisha kinaanza upya. Miaka kumi na moja nilikisikiliza bila kuomba. Nikichoka nagonga ukuta kwa mwiko. Majira ya baridi yaliyopita kikanyamaza. Mzee akasema mkewe yuko Winnipeg kwa dada yake, nami nikasema alhamdulillahi, akae huko huko ale raha.

Basi siku moja mwezi wa nne mzee akanisimamisha penye masanduku ya barua. Alikuwa na karatasi kutoka maktaba ya mtaa. Chama chao hufanya sherehe kila mwaka katika chumba cha chini cha maktaba, na mwaka uliopita walikuwa tisa tu, hao wanane na mkewe. Sasa maktaba imewaambia: mwaka huu wasipofika watu ishirini, chumba wanapewa watu wa yoga. Mzee alinisomea barua nzima, mpaka jina la aliyetia sahihi.

"Mwaka huu haiwezekani kukosa," akasema. "Mwaka mwingine wowote, sawa. Mwaka huu hapana."

Mtu mwenye akili angeuliza kwa nini. Mimi nikasema, "Usijali, nitakuletea watu."

Mdomo uliponza kichwa. Lakini ningemkataliaje? Mwaka juzi, mwezi wa kwanza, kengele ya moto ililia mimi niko kazini, lifti zikazimwa, na mama yangu na magoti yake akabaki ghorofa ya tisa. Mzee huyu ndiye aliyemshusha ngazi moja baada ya moja, amembebea mkoba, na tai yake shingoni. Mpaka leo mama anamwita "yule mzungu wa ngazi" na kumwombea.

Mimi nakaa mapokezi kwenye kliniki ya meno. Nikawauliza wenzangu kumi na mmoja. Ukimtajia Jumamosi mtu wa Toronto, anatoa kalenda, anaiangalia kwa huzuni, anakwambia ana shughuli hadi mwezi wa nane. Sikupata hata mmoja. Nikabaki na mama na akina mama wenzake wa darsa, wanawake wa Tanga, Dar na Mombasa wanaokutana kila Alhamisi. Ila mama sinema aliziacha tangu alipohiji. Ukimwambia twende tukaangalie filamu, atakwambia, "Nimehiji mimi," na mazungumzo yameisha. Kitu ambacho hajawahi kukataa maishani mwake ni msiba. Mama akisikia kuna msiba Downsview kwa watu asiowajua, anauliza basi namba ngapi.

Kwa hiyo nikamwambia kuna mwanamke amefariki, rafiki ya yule mzungu wa ngazi, na watu wanakusanyika maktaba.

"Maskini. Muislamu?"

"Hapana, mama."

"Haya, kumsomea hatutamsomea, lakini kuhani hakuchagui dini. Watoto anao?"

"Sijui."

"Hujui! Unanipeleka matangani hata watoto wa marehemu huwajui?" Akashika simu, na kabla sijavua koti akawa ameshapata kumi na wawili.

Mimi nilitaka watu. Sikutaka sufuria. Lakini wanawake wale hawaendi msibani mikono mitupu, kwa sababu mfiwa hapiki. Jumamosi mchana nikawakuta kituo cha basi wametanda kanga juu ya makoti, na sufuria mbili za wali na maharage zimefungwa blanketi ndani ya vigari vya kwenda sokoni. Dereva wa basi alizishushia njia ile ya viti vya magurudumu. Mmoja alikuwa amebeba majamvi mawili begani. Nikamwuliza ya nini, akanishangaa. "Tutakaa juu ya nini, mwanangu? Vitini, kama tunasubiri daktari?"

Njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa ya vituo sita vya basi.

Mlangoni palikuwa na maputo. Ya waridi na ya dhahabu. Mama aliyatazama, akanitazama.

"Desturi zao," nikasema.

Ndani palikuwa na picha kubwa ya yule mcheza sinema, mabega wazi, macho juu. Mbele yake keki, na juu ya keki, uso wake uleule, umechorwa kwa sukari.

"Wanataka kumkata marehemu kwa kisu?" mama akaninong'oneza. "Uso huu?"

"Mama, kila watu na mila zao."

"Mimi kipande cha jicho sili. Nakwambia mapema."

Nisiwasahau wenyeji. Alikuwapo mama mmoja aliyenyoa nyusi zake zote akachora nyingine kwa penseli, nyembamba kama uzi, za mtindo wa marehemu. Walikuwapo wazee wawili ambao hawajasemezana miaka minne. Waligombana juu ya mkono. Kuna filamu moja ambamo mlango unafunguliwa na unaonekana mkono tu, na mmoja anasema ule ni mkono wa mcheza sinema wao, mwenzake anasema si wake, na urafiki wa tangu shule ukafia hapo. Kila mmoja alikuja na bahasha ya picha za mikono.

Akina mama wakavua viatu mlangoni, wakatandika majamvi. Na watu wa Kanada, wakiona viatu mlangoni, hawaulizi. Huo ndio uungwana wao majumbani. Mmoja mmoja wakainama wakavua vyao, yule mwenye nyusi akiwa na soksi zenye picha za maboga. Mzee mwenyekiti akasimama katikati na soksi zake, moja nyeusi moja ya kijivu, anahesabu watu kwa kidole, na alipofika ishirini na mbili akafumba macho. Nilifurahi, usidhani sikufurahi. Nilijiona mjanja kupita wote.

Akatoa hotuba. Nikawa namtafsiria mama ninayotaka.

"Amefariki lini, kwani?" mama akauliza.

"Zamani zamani kidogo."

"Zamani gani?"

"Kabla sijazaliwa."

Mama akageuka akawaambia wenzake, na wote wakatikisa vichwa. "Msiba wa miaka yote hiyo na bado wanaulea!" akasema mmoja. "Watu hawa wana mapenzi, tunawasingizia tu."

Taa zikazimwa, sinema ikaanza. Nikamwahi mama kabla hajanyanyuka: "Wanamwonyesha marehemu alivyokuwa hai." Akakaa, ila upande, ili Mungu aone kuwa haangalii sawasawa.

Filamu yenyewe, jamani! Saa nzima, na bibi huyo anaonekana mara nne. Kila akitokea wale wanane wanapiga makofi na kutamka maneno yake pamoja naye, wanajua mpaka pale anapokohoa. Mara ya tatu akatoka kwa dirisha na nguo ya kulalia, akashuka ngazi, na chini akamkuta tajiri aliyekuwa akimsumbua tangu mwanzo. Akamzaba kofi. Kofi la haki, la mkono mzima. Pale jamvini likapasuka kigelegele.

"Msibani hapa!" mama akafoka.

"Samahani, dada. Limenitoka."

"Lakini marehemu alikuwa mtundu huyu."

"Usimseme marehemu."

"Simsemi, namsifu!"

Halafu mcheza sinema akacheka. Kilianza chini, kikapanda, kikakatika, na ulipodhani kimekwisha kikaanza upya. Nikashtuka. Nilikijua kicheko hicho. Nilikuwa nimekigongea mwiko miaka kumi na moja. Nikamtafuta mwenyekiti kwa macho, nikamwona amesimama nyuma karibu na projekta, uso ameuelekeza ukutani.

Taa zilipowashwa mama akajinyoosha. "Haya. Mfiwa ni yupi? Tumpe mkono wa pole, watu wapate kula."

Hapo nilipaswa kusema ukweli. Badala yake nikamwonyesha mwenyekiti, maana lazima nimwonyeshe mtu. Mama akainuka na magoti yake, na kumi na wawili wakapanga mstari nyuma yake. Akamshika mzee mkono kwa mikono yake miwili.

"Pole, baba. Pole sana. Kazi ya Mungu haina makosa."

Mzee akanitazama. "Mama anasema nini?"

Nilikuwa nimeandaa: anasema hongera kwa sherehe nzuri. Lakini mama Kiingereza hasemi tu, kusikia anasikia mawili matatu, na alikuwa ananikazia macho. Nikasema, "Anasema pole kwa kufiwa," nikasubiri acheke.

Hakucheka. Akauliza polepole, "Nani amewaambia?"

Mzee akainyoosha tai yake.

"Mwezi wa pili," akasema. "Hakuna Winnipeg. Amekufa mwezi wa pili." Alikuwa anawaambia wenzake sasa, si mimi. "Aliniomba sherehe ya mwaka huu isikose, na isiwe kilio. Alisema anataka watu wacheke. Ningewaambia, nani angecheka?"

Miezi miwili na nusu. Mwanamke amekufa upande wa pili wa ukuta wangu, na mimi nilishukuru kwa ukimya. Niliona haya, sikujua niyaweke wapi macho yangu.

Mama akaniuliza nini kimesemwa, kwa kuwa alitaka kuhakikisha, nikamwambia. Hakulia. Mama msibani halii, anatoa amri. "Mleteni jamvini. Asisimame peke yake kama mlingoti." Wakamchukua wale wazee wawili wa mkono, mmoja huku mmoja huku, bila kuambiana neno, wakamketisha chini. Mama akampakulia mwenyewe. Mzee akala wali kwa kijiko cha keki, machozi yanadondoka, na hakuna aliyemwambia asilie wala aliyemwangalia sana.

Ila kifo cha wengi ni harusi. Aliyeanza ni mama wa nyusi, aliyesema marehemu mke wa mwenyekiti aliwahi kucheka kanisani, kwenye mahubiri, mpaka mchungaji akaanza kucheka na yeye. Mwingine akaleta lake, nami natafsiri, safari hii bila kupunguza. Miguu yenye soksi za maboga ikawa inamkandamiza mguu mama mmoja wa Mombasa, na hakuna aliyejali. Wakacheka. Hata mzee akacheka, mdomo umejaa maharage. Mama akakubali keki pia, kipande cha sikio.

Dada mmoja wa maktaba aliyekuja kuhesabu watu alishindwa, kwa namna tulivyochanganyika kule chini. Akarudi mlangoni akahesabu viatu, akagawa kwa mbili, akaandika ishirini na mbili. Watu wa yoga watafute pengine.

Tukapanda basi kurudi. Sufuria tupu ziligongana kwenye vigari, wenzake wakasinzia. Nikasema, "Mama, nilikudanganya. Yalikuwa si matanga."

"Nilijua tangu maputo."

"Sasa mbona ulikaa?"

"Wewe ulisema matanga. Na kweli msiba ulikuwapo." Kituo chetu kilipokaribia akashika kigari chake. "Ukuta mmoja," akasema. "Ukuta mmoja, mwanangu, nawe hujui jirani yako kafiwa?"

Angenichapa ingekuwa nafuu.

Akapanga zamu. Siku tatu mfiwa hapiki, na kama ni za kuchelewa, zichelewe. Jumapili akapeleka yeye. Jumatatu mama wa Mombasa, amekuja na basi mbili. Jumanne ikawa zamu yangu. Nilipika mchuzi wa samaki, nikaupunguza pilipili, nikatoka mlango wangu, nikapiga hatua tano, nikabisha. Alipofungua, na tai yake, nikasema neno nililolibeba tangu Jumamosi. "Pole. Na mimi ndiye nilikuwa nagonga ukuta."

"Tunajua," akasema. "Alikuwa akikusikia ndipo anazidi kucheka."

Akanikaribisha. Nikavua viatu. Alikuwa anaangalia ile filamu, imesimama pale chini ya ngazi, kofi limeshapita. Akabonyeza, mcheza sinema akacheka, kile kicheko kikajaa chumba. Nikafikiria masufuria yangu upande wa pili. Akairudisha nyuma, yule bibi akacheka tena. Akairudisha mara ya tatu, akaniangalia kwa aibu, akaweka rimoti chini.

Mara ya nne niliomba mimi.