Shule ya Barazani

Nilifundisha mwaka mmoja tu katika shule ya misheni, nje kidogo ya mji wa Shinyanga, kisha nikaolewa. Siku zile mwalimu wa kike akiolewa alikabidhi chaki akamfuata mumewe, na hakuna aliyeona ajabu, hata mimi mwenyewe. Mume wangu alikuwa ameandikishwa kazi katika mgodi wa dhahabu huko Geita. Tukasafiri juu ya lori, tumekalia magunia, mpaka kwenye kambi ya wafanyakazi, nyumba za udongo zilizopangwa mstari mmoja mmoja, zote zimepauka kwa vumbi la mawe yaliyosagwa.

King'ora kikilia asubuhi wanaume waliondoka, nami nikabaki na chumba kilichofagiliwa mapema mno. Nilichoka kwa kukosa kazi. Siku moja nikaokota mkaa na kuandika irabu kwenye ukuta wa jiko, bila sababu, mkono tu uliwashwa. Binti wa jirani, mtoto wa Kisukuma ambaye hata meno ya mbele yalikuwa bado hayajaota upya, alikuja kuomba moto akaniuliza kwa Kisukuma zile alama ni nini. Nikamwambia. Kesho yake alirudi na wenzake, na bila moto wa kuomba.

Wiki chache baadaye jiko halikututosha. Mwenye duka la kambini, Mwislamu mtu mzima kutoka Tabora, alinisimamisha nikinunua chumvi, akasema baraza lake lilikuwa kubwa na asubuhi halikuwa na kazi. Aliweka sharti moja tu: watoto wasifundishwe sala ambazo wazazi wao hawasali. Nikakubali. Palikuwa na Wasumbwa, Wazinza, Waha, Wanyamwezi na Wasukuma wengi, Wakristo na Waislamu na wale ambao nyumbani kwao walitambikia mababu. Waliketi chini pamoja, wakaniita "ng'walimu" kwa matamshi ya Kisukuma, mpaka mtoto wa Kiha naye akaniita hivyo.

Niliona fahari. Baada ya miezi kadhaa walisoma silabi kwa sauti moja, na akina mama waliopita na ndoo vichwani walisimama kusikiliza. Kisha siku moja nilikwenda kuchanja kuni pamoja na yule binti wa jirani. Njia yetu ilipita karibu na shimo la zamani la mgodi, lililozungushiwa waya uliolegea. Palikuwa na ubao. Binti akasimama mbele yake, akausoma silabi kwa silabi kama nilivyomfundisha: ha-ta-ri. Akarudia kwa haraka, neno zima, akanitazama akitabasamu. Halafu akainama apite chini ya waya, kwa kuwa upande wa pili palikuwa na kuni nyingi.

Nilimshika gauni nikamvuta. Nikamuuliza kwa Kisukuma kama alielewa alichokisoma. Akasema hapana, yeye alisoma tu.

Tulirudi nyumbani polepole. Sikumlaumu, na wala sikujilaumu sana. Lakini toka siku ile nilibadili mafundisho. Asubuhi tuliacha baraza tukatembea kambini, tukasoma kila kilichoandikwa, kwenye zahanati, kwenye tangi la maji, kwenye magunia ya duka, na hatukutoka mahali mpaka kila mtoto aseme maana yake kwa lugha ya kwao. Shimo lile tulilitembelea mara nyingi, tukisimama mbali.

Ndipo akaja mzee wa kanisa kutoka kijiji cha jirani. Alikuwa amesikia kwamba binti aliyesomeshwa na misheni anafundisha kwenye baraza la Mwislamu bila kusali. Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akaketi kwenye kiti cha mwenye duka. Aliniuliza kwa upole kama nimesahau walionilea. Nikasema sijasahau, ila nikianzisha sala nusu ya watoto hawatarudi.

"Sasa unawafundisha nini, mwanangu?" akauliza.

Nikamsimulia habari ya ubao na waya. Alisikiliza, mikono juu ya magoti.

"Neno lile, baba," nikamwambia, "ni la watoto wote."

Alikaa mpaka somo lilipokwisha, akaaga, akaondoka. Wiki iliyofuata mjukuu wake alikuja na kibao chake mwenyewe cha kuandikia, akaketi karibu na mtoto wa mwenye duka.

Baadaye wakubwa wa mgodi walitujengea chumba cha bati, nami nikaandikwa mwalimu, mwanamke wa kwanza kambini kuitwa kazini na king'ora kama wanaume. Mkataba wa mume wangu ulipokwisha alitaka turudi Shinyanga tulime pamba. Alilisema wakati wa kula, kama jambo lililokwisha kuamuliwa. Nikamwambia darasa langu halijamaliza.

"Litamaliza lini?" akauliza.

Nilisema sijui. Akamaliza kula, akanawa mikono, akasema basi atakwenda kuomba mkataba mwingine.