Mwali Wangu Aliniuliza, Nami Nikamficha Nilichokijua

Admin, jina langu na kijiji changu vifiche, maana huku kwetu kila mtu sasa ana simu na umbea haulali. Mimi ni mama wa miaka hamsini na mbili, naishi mwambao wa Lindi, njia ya kwenda Kilwa. Nina mume mmoja, tangu ujana wangu ni huyo huyo. Watu wananijua kwa usomo. Wasichana wa hapa wakivunja ungo wanaletwa kwangu, nawacheza unyago, nawafunda usafi, ndoa na adabu. Mdomo ninao, nikianza kuwasema wanaume ngomani watu wanashika mbavu. Msione leo naandika kwa upole mkadhani ndivyo nilivyo.

Miaka tisa iliyopita walikuja wauguzi kwenye zahanati yetu kupima kina mama. Mie nilikwenda kumsindikiza wifi yangu tu, nikaambiwa na wewe panda kitandani. Wakapaka siki ya kupimia ndani kwenye mlango wa kizazi, muuguzi akatazama, akamwita mwenzake. Sikuwa na maumivu wala nini. Nikapelekwa Lindi wakakata kinyama cha kupima, kisha Dar es Salaam. Saratani ya mlango wa kizazi, lakini ndiyo kwanza inaanza. Daktari, binti wa rika la mwanangu, akaniambia, "Mama, shukuru umewahi. Tukitoa kizazi sasa hivi, utaishi." Akanieleza kwamba inaletwa na kirusi cha kujamiiana, kwamba wengi wetu tunakipata, kinaweza kukaa mwilini miaka na miaka kimya, na si dalili ya umalaya. Akanitajia na dalili zake ikishakua. Mimi katika yote hayo lililonikaa ni neno moja tu, kujamiiana. Somo wa watu mie! Wakisikia si wataniimba kwenye ngoma yangu mwenyewe?

Basi mume wangu na kila mtu nikawaambia nina uvimbe. Nikapasuliwa, nikarudi nyumbani, wakanipikia uji, nikapona. Mpaka leo nikienda kuangaliwa naambiwa niko salama.

Mwaka uliofuata alinijia mwali wangu mmoja, nimwite Zainabu. Nilimcheza mwenyewe, nikamfunda mpaka akaolewa, na wakati huo alikuwa na binti wa miaka sita. Kwetu mambo ya chumbani mtu hamwambii mama yake, ni aibu kubwa. Anayapeleka kwa somo wake, na somo akishasema, imekwisha. Akakaa mkekani, hata macho hainui.

"Shikamoo somo. Natoka damu nikishakuwa na mume wangu, na si siku zangu. Na harufu inanitoka. Naona aibu."

Wallahi nilijua. Pale pale nilijua, daktari alinitajia hivyo hivyo. Nilitaka kumwambia nenda Lindi kesho asubuhi. Nikawaza, ataniuliza somo umejuaje, nami nitajibu nini? Nikamwambia, "Hilo chango la uzazi tu, mwanangu. Nitakuchemshia mizizi unywe na ujisafishe. Na mumeo usimwambie, atakukinai." Akanishukuru. Akanibusu mkono, jamani, mkono huu ninaoandikia.

Alikunywa dawa yangu miezi minane. Kila akija nikimuuliza anasema, "Nafuu kidogo, somo," kwa sababu mimi mwenyewe ndiye niliyemfunda kwamba mwanamke halalamiki. Siku alipoanguka wakampeleka hospitali, ilikuwa imeshasambaa mwilini. Hakurudi mzima. Mama yake, ambaye ni jirani yangu, alinililia begani akisema, "Mwanangu alikuwa anaficha nini hata kwako, dada yangu?" Nikampangusa machozi. Maiti nilimkosha mimi, ndivyo ilivyo kwetu, na alikuwa amekwisha kabisa, mwepesi kama mtoto. Nilitoka uani nikatapika. Watu wakasema maskini, somo anampenda sana mwali wake.

Yule binti sasa ana miaka kumi na minne, analelewa na bibi yake, huyo huyo jirani yangu. Wiki iliyopita shule ilileta barua kwamba wasichana watachanjwa kinga ya kirusi kile kile. Bibi kagoma. Amesikia kwamba sindano ile inafunga kizazi, na yeye mjukuu ni huyo huyo mmoja. Mwalimu kamwambia ni uongo, muuguzi kamwambia, wapi! Juzi akaja kwangu.

"Dada, mie hao siwajui. Wewe ndiye somo wa nyumba yetu. Ukisema achomwe, achomwe. Lakini niambie kwa nini."

Nikasema achomwe tu, inasaidia. Akanitazama sana. "Umejuaje? Hata hao wanasema hivyo hivyo." Nikasingizia mboga inaungua, nikakimbilia jikoni kulia. Aliondoka hajaridhika, na barua haijatiwa saini.

Nikimwonyesha mshono wa tumboni kwangu na kumweleza ule haukuwa uvimbe, atamwacha mtoto achanjwe, hilo sina shaka. Ila atakumbuka nilipasuliwa lini, na kuhesabu anajua. Atajua kwamba mwanawe alipokaa mkekani kwangu, mimi nilikuwa nimeshatibiwa na kupona ugonjwa uleule. Mwanzoni niliogopea ndoa yangu na kuimbwa ngomani. Sasa hivi hayo naona upuuzi mtupu. Namwogopa yule mama tu, jinsi atakavyoniangalia.

Ndugu zangu mnaosoma, nishaurini. Nitukaneni kwanza mkitaka, nimestahili. Niende nikamwambie yote, au kuna njia nyingine ya kumshawishi ambayo mimi siioni? Tafadhali msikawie. Chanjo ni Alhamisi, na leo asubuhi yule binti kapita kwangu akielekea shule, kanipa shikamoo, kaniuliza, "Somo, bibi anasema anakusubiri wewe. Umeamuaje?"