Siku Niliyojifanya Marehemu

Nilizaliwa miezi michache baada ya kifo cha mdogo wake baba, nikapewa jina lake. Kwetu Magharibi mwa Kenya hilo ni jambo la kawaida. Nyanya hakuniita mjukuu hata siku moja, aliniita mwanangu, na kila nilipoenda ushago, kijijini kwake, alinishika kidevu, akanigeuza kichwa na kuitazama alama nyeusi niliyozaliwa nayo chini ya sikio. Niliambiwa kwamba baba mdogo alikufa kwa ajali Nairobi. Sikuwahi kuuliza zaidi.

Nilikuwa fundi wa mbao Soweto East, Kibera, nilipokutana na msichana niliyetaka kumwoa. Alikuwa msusi kwenye saluni moja mtaani Olympic. Siku ya kwanza alileta stuli iliyolegea miguu, akasimama kuniangalia nikiigonga.

"Fundi, kumbe wewe ni wa mkono wa kushoto?"

"Ndio niliopewa."

"Basi usinirudishie stuli imepinda."

Wiki iliyofuata alikuja tena, mikono mitupu, akasema anapita tu. Nilijua kutoka Olympic kuja kwangu si njia ya kupita tu, na yeye alijua kwamba najua. Mwaka ulipoisha tulikuwa tumeenda kuangalia nyumba ya kupanga mtaani Ayany. Alipima ukuta kwa hatua zake, akanionyesha kitanda kitakapokaa.

Jumapili moja, tulipotoka kanisani, alinipeleka Kawangware kwa mamake. Mama alikuwa mjane kutoka Machakos, anauza mboga, na siku hiyo alikuwa ametupikia muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe. Nilimpa mkono mlangoni. Hakuupokea. Alinitazama usoni, kisha shingoni.

"Unaitwa nani?"

Nilimwambia.

"Hilo jina ni la nani?"

"La baba mdogo, mama. Alikufa kabla sijazaliwa."

"Alifia wapi?"

"Hapa Nairobi."

Aliingia nyuma ya pazia na hakutoka. Tulikula wawili, tukimsikia akiomba kwa Kikamba.

Siku ya Jumanne msichana alinipigia simu, sauti imekauka. "Mama anasema ulishakufa. Anasema umerudi kulipiza kisasi, na kwamba utalipiza kwa kunichukua mimi. Hataki hata nikutaje."

Nilicheka. Kisha nikampigia baba, nikamweleza kuhusu huyo mama wa Kawangware, nikamuuliza mdogo wake alikufa vipi. 

"Haikuwa ajali," alisema. "Alikuwa na msichana Kawangware. Siku moja alienda kumwona kwao, msichana akapiga kelele za mwizi. Watu wakamuua kwa mawe. Tulipoenda kumchukua, jiwe lililomwangusha lilikuwa limempiga chini ya sikio."

Nyanya alichukua simu kutoka kwake. "Sikukupa hilo jina bure, mwanangu," alisema. "Umerudi kumuuliza huyo mwanamke. Muulize."

Sikuamini kwamba mimi ni mtu mwingine. Sikuamini wakati huo, na siamini leo. Lakini nilikuwa na hasira kwa ajili ya kijana ambaye nilikuwa nimeshamzidi umri, na chini ya hiyo hasira kulikuwa na nyingine, ya kwangu mwenyewe: mama huyu alikuwa ananinyima bintiye. Nilifunga kazi mchana huohuo, nikaenda Kawangware kwenye kibanda chake. Alikuwa peke yake, anakata sukuma wiki. Nilisimama mbele yake bila salamu.

"Mbona ulipiga kelele?" nilimuuliza.

Sikusema mimi ni nani. Kisu kilisimama mkononi mwake. Alinijibu polepole, kama mtu aliyekuwa na jibu tayari kwa miaka yote hiyo.

"Baba alikuwa ameshafika mlangoni. Angejua wewe ni mpenzi wangu, angeniua. Nilifikiri watakufukuza tu. Haki ya Mungu, nilifikiri utakimbia."

Ningeweza kumwambia hapo hapo: mama, mimi si yeye. Maneno yalikuwa mdomoni. Alianza kulia, akanishika mkono. "Niadhibu mimi. Mtoto wangu mwache."

"Utaona," nilisema, nikaondoka.

Naona haya kusema kwamba mpaka nafika Kibera nilikuwa nimefurahi.

Baada ya siku hiyo alifunga kibanda. Aliacha kula, akawa anashtuka mlango ukigongwa. Siku ya tano bintiye alikuja Soweto East. Alisimama kwenye vumbi la mbao, mkoba begani.

"Ulimwambia mama nini?"

Nilimweleza yote. Sikumficha hata lile neno la mwisho.

"Kama ungekuwa ni yeye kweli amerudi, ningeelewa," alisema. "Yeye aliuawa. Wewe mama yangu alikukosea nini?"

"Nilitaka akukubalie uje kwangu."

"Kwa kumtisha?"

Nilisema nitaenda kumwomba msamaha, na kesho yake nilienda. Mama aliponiona alipiga magoti kwenye sakafu ya simiti. Nilipiga magoti pia, nikamwambia mimi ni mtoto tu wa kaka ya marehemu, nilimdanganya, anisamehe. Aliendelea kutikisa kichwa, ananiita kwa jina ambalo ni langu, lakini hakuwa ananiita mimi. Bintiye alimwinua, akaniomba nitoke.

Walihamia Machakos mwisho wa mwezi. Msichana aliacha kazi ya saluni, akabadilisha namba. Nilimtumia ujumbe kupitia msusi mwenzake, mara tatu. Mara ya tatu yule mwenzake aliniambia kwa upole, "Fundi, usinitume tena. Ukimtaja, analia."

Nyanya aliponiuliza kama nilimwona yule mwanamke, nilimwambia ndiyo. Akaniuliza alisema nini. Nilimpa maneno yote: babake mlangoni, na kwamba alifikiri baba mdogo atakimbia. Nyanya akauliza, "Alikuwa na miaka mingapi?"

"Kumi na minane, nadhani."

"Alikuwa mtoto," alisema nyanya, akaanza kulia, na mimi nikalia naye kwenye simu, kila mtu akimlilia wake.