Majedwali ya Maman Védastine Yafika Kigali Salama

Saa moja na nusu asubuhi. Katika chumba kimoja karibu na soko la Kamembe, Védastine Mukantwari anafuta kioo cha kompyuta kwa ncha ya kitenge, anaketi, kisha anamwambia mteja wake wa kwanza asimpumulie shingoni. Mteja anacheka na kurudi kwenye benchi.

Mukantwari, mwenye miaka arobaini na sita, ni mpiga chapa. Ana wateja mpaka Gashonga, na wengi huleta hati ngumu zenye majedwali. Mwaka jana kazi hiyo nusura imshinde.

Alizaliwa Bukavu, upande wa Kongo, na wazazi Wanyarwanda, akapiga chapa huko kwa mashine ya chuma tangu usichana. Vita vya 1996 vilipomvusha mto Rusizi kuingia Rwanda pamoja na watoto wake, alikuta kazi imehamia kwenye kompyuta. Akajifunza, lakini vidole vilibaki na desturi za Bukavu.

Kwenye mashine ya chuma, ukitaka nafasi juu na chini ya jedwali, unaruka mistari mitupu, na karatasi haibadiliki tena. Alifanya vivyo hivyo kwenye kompyuta. Karatasi zake zilipendeza.

Ndipo Munyaneza, muuguzi wa Bweyeye kando ya msitu wa Nyungwe, alipomletea achape ombi la kuwaomba wafadhili friji ya umeme wa jua. Chanjo zilikuwa zikiharibika, na akina mama waliotembea tangu alfajiri walirudi na watoto wasiochanjwa.

Ombi lilikwenda Kigali ndani ya disketi. Wafadhili walipolifungua kwenye kompyuta yao, majedwali yalikuwa yamekatika katikati, vichwa vimebaki ukurasa mwingine. Wakalirudisha. Mukantwari akaongeza mistari mitupu. Likarudi likiwa baya zaidi, pamoja na onyo: la tatu ndilo la mwisho, kisha friji itakwenda kwingine.

"Maman, hizi tableau zako zinatembea kama mbuzi bila kamba," Munyaneza alimwambia.

"Papa, nipatie siku mbili," akajibu. "Kama zinatembea tena, mbuzi ni mimi."

Aliweka karatasi zilizochapwa na kurudishwa kutoka Kigali kando ya zake na kuzilinganisha. Mistari mitupu, akaelewa, ilikaa vizuri kwenye mashine yake tu. Herufi zikibadilika kidogo kwingine, kila kitu kinasogea. Akaifuta yote. Akapekua menyu za Kifaransa moja baada ya nyingine hadi akapata mahali pa kupima umbali kati ya jedwali na maneno: juu, chini, kushoto, kulia. Akaweka nusu sentimita kila upande. Akakuza herufi makusudi. Maneno yalisogea, nafasi haikubadilika.

Bado hakuamini. Alipanda Gihundwe na disketi yake, akaomba kuifungua kwenye kompyuta ya shule ya huko. Majedwali yalitulia. Akarudi mjini kwa Ridhwani, mfanyabiashara mwenye kompyuta kuukuu kuliko zote anazozijua.

"Kama tableau inapona kwa ile machine ya Ridhwani," anasema, "inaweza kupona fasi yote, mahali popote."

Ilipona. Safari hii Kigali hawakurudisha kitu.

Friji ilipanda Bweyeye mwezi Machi juu ya lori, na wanakijiji walilisukuma kila lilipokwama. Munyaneza aliposhuka Kamembe hakuketi hata kwenye benchi. Alimshika Mukantwari mkono mbele ya wateja.

"Iko baridi, Maman. Niliweka mukono ndani."

Anaposimulia hayo, Mukantwari ananyoosha mgongo na kumtazama kila aliye chumbani. Sasa anatafuta kompyuta ya pili. Anataka kuwafundisha wauguzi wa sekta, yaani kata, za mbali, wa Bweyeye wakiwa wa kwanza, waandike ripoti zao wenyewe na kuzipanga vizuri.

Ninamuuliza kama haogopi kupoteza wateja.

"Munyaneza akishajua, hatanihitaji tena," anasema. "Atakuja kunisalimia tu, na nitamupikia."