Nilitoa chui kwenye script, nikabaki na bunduki ya mbao kwenye roadblock ya Elburgon

Wakuu, hamjambo humu ndani.

Kuna vijana wa chuo wameuliza hapa jinsi ya kupunguza script iingie kwenye budget ndogo. Nimesoma majibu yote, nikaona nifungue uzi wangu, maana mimi kupunguza script kulikaribia kumpeleka mtu kwenye kitanzi.

Nina miaka themanini na kitu, ya kutunga nimeyaacha. Mahali nilipodanganya nitawaambia nilidanganya.

Ilikuwa miaka ya hamsini, wakati wa Emergency, serikali ya Waingereza ikipigana na Mau Mau, wengi wao Wakikuyu, waliokuwa msituni.

Mimi niliacha shule darasa la nne. Baba alikuja Nakuru kutoka Magharibi kufanya kazi ya reli, akataka niingie reli pia. Nikatoroka. Nilivuna ngano Mau Narok, nikabeba mbao kwenye sawmill moja Elburgon, nikachoka, nikaishia kuosha sufuria kwenye chuo kidogo cha ualimu nje ya mji wa Nakuru.

Lakini nilikuwa mtu wa kusoma chochote, hata gazeti lililofungiwa sabuni.

Pale kulikuwa na mwalimu, nitamwita Barasa. Mzungu mmoja akienda likizo kwao alimwachia kamera ya filamu. Ya kukazwa kwa ufunguo kama saa, haina sauti. Reel zilikuwa tatu tu, kila moja dakika mbili na kidogo. Wanafunzi wakaamua watatengeneza filamu.

Script aliiandika Barasa kwa Kiingereza, kurasa ishirini. Chui anamaliza kondoo wa kijiji, Mzungu mwenye shamba anakuja na bunduki, anamwua, watu wanashangilia.

Nikawauliza nikiwa na sufuria mkononi, "Chui mnaye?"

Walicheka sana. Mmoja akasema, "Haya, profesa wa masizi, tufundishe!"

Barasa hakucheka. "Bwana, wewe ungefanyaje?"

Nikamwambia chui asionekane kabisa. Tuonyeshe kondoo wakigeuza vichwa wote kwa pamoja. Majani yatikisike. Anayetazama atamweka chui mwenyewe. Na Mzungu wa kuigiza pia hatuna, basi bunduki ashike mzee wa kijiji.

Barasa akanipa daftari. Nikaandika upya kwa Kiswahili, kurasa nne. Nilijivunia zile kurasa, wakuu. Kosa lilikuwa limekaa humo humo na sikuliona.

Sasa bunduki.

Kule sawmill nilikuwa na rafiki, Mwaura, fundi seremala. Mkikuyu. Wenzake wengi walikuwa wamerudishwa kwao kwa nguvu, yeye akaachwa kwa sababu mwenye sawmill hakuwa na fundi mwingine kama yeye. Kipande chake, kile kitambulisho cha wakati wa Wazungu, hakikumruhusu kutoka nje ya geti. Nilimwomba anichongee bunduki ya kuigizia. Baada ya wiki mbili nikapanda kuichukua.

Alifungua gunia, nikaiinua kwa mikono miwili.

"Nimekuwekea paipu na komeo la mlango," alisema. "Mbao tupu ingeonekana ya watoto."

"Mwaura, hii si itapiga kweli?"

"Haipigi hata nzi. Lakini watu waione vizuri kwenye hiyo picha, umesikia? Mimi siwezi kuja. Hiyo ndiyo itakuja badala yangu."

Kwa wasiojua: wale waliokuwa msituni walikuwa wakijitengenezea bunduki kwa mbao, paipu ya maji na komeo la mlango. Hizo hizo. Na siku zile kushikwa na bunduki ilikuwa kunyongwa.

Nilijua hayo yote. Lakini kichwa changu kilikuwa kimejaa filamu, nikaona kifaa cha filamu tu. Nikaingia kwenye lori la mbao na gunia langu, saa tatu asubuhi.

Hatukufika mbali. Roadblock.

Sajenti alipapasa gunia mara moja tu, akarudi nyuma hatua mbili na kunielekezea bunduki yake ya kweli. Dereva wangu akainua mikono kabla hajaambiwa.

Inspekta Mzungu akaja. Akaigeuza kazi ya Mwaura, akavuta komeo, akachungulia paipu.

"Hii nani natengeneza?"

Wakuu, hilo ndilo lilikuwa swali lenyewe. Mimi mtoto wa reli kutoka Magharibi ningepigwa, labda nifungwe. Ningetaja jina la Mkikuyu wa sawmill, lori lingegeuzwa wakati uleule kwenda kumchukua.

"Mimi, bwana."

"Ya nini?"

"Ya filamu, bwana. Watu wanawinda chui. Script iko hapa." Nikatoa daftari mwenyewe, tena kwa furaha.

Sajenti akaisoma kwa sauti.

"Wanaume watano wanajificha kando ya njia. Mzee ana bunduki. Wanangoja. Majani yanatikisika. Mzee anapiga. Wanakimbia pale, wanashangilia."

Alivyokuwa akisoma, nilisikia kwa mara ya kwanza nilichoandika.

"Wapi chui?" Inspekta akauliza.

Nikafungua kurasa zote nne. Hakuna chui. Nilikuwa nimemtoa vizuri sana.

Kisha akaweka kidole kwenye neno moja nililokuwa nimeliandika kwa mazoea, halafu nikalikata kwa wino. Lilisomeka bado. *Mzungu.*

"Na hii?"

"Huyo nilimtoa, bwana."

"Natoa yeye wapi?"

"Kwenye hadithi, bwana."

Dereva aliachiliwa aende. Mimi nikapelekwa kituoni.

Asubuhi iliyofuata Inspekta aliweka mbele yangu kipande cha mbao na kisu. "Tengeneza ingine."

Kumbukeni mimi sawmill nilibeba mbao tu. Nilichonga mpaka mchana, vidole vinatoka damu. Sajenti akaja kuangalia.

"Hii ni bunduki ama mguu wa kiti?"

"Ile ya kwanza ilinichukua wiki mbili, afande."

Saa nane Barasa akafika. Dereva alikuwa amempa habari. Alikuwa na zile kurasa ishirini za Kiingereza, na ya kwanza ilikuwa na chui aliyemchora kwa penseli, mkubwa, na mustachi kama wa karani. Inspekta alisoma zote. Hakucheka hata kidogo.

Kisha akaniangalia, akauliza tena. "Nani natengeneza?"

"Mimi, bwana."

Akautazama ule mguu wa kiti wangu kwa muda mrefu. Alijua. Mpaka leo sielewi kwa nini hakutuma mtu Elburgon.

Alichukua ile ya Mwaura, akaivunjia kwenye ngazi, vipande vikatupwa kwenye jiko la kituo, akaniambia niende na mwalimu.

Nikitoka, sajenti alinisogelea. "Kijana, fundi wako ni hodari. Usimtaje hata usingizini."

Filamu tulipiga bila bunduki. Wanaume watano wamesimama, mgongo kwa kamera. Kondoo wanageuza vichwa. Majani. Kisha kondoo wanarudi kula, basi. Tulipoionyesha kwenye shuka ukumbini, yule wa "profesa wa masizi" alikuwa ameshika kiti kwa mikono miwili.

Baadaye nikapanda Elburgon. Mwaura alikuwa kwenye meza yake na randa. Habari ya roadblock sikumwambia. Angeanza kuogopa kila lori linaloingia getini.

"Ilionekana?" akauliza.

"Ilionekana."

"Watu walisemaje?"

"Walinyamaza wote, Mwaura."

Huo ndio uongo wangu. Kunyamaza walinyamaza kweli, lakini bunduki yake haikuwepo. Alirudi kwenye ubao, akapiga randa huku anatabasamu mpaka ubao ukawa mwembamba kama kadi, haufai kitu tena.

Alizeeka akiwasimulia wajukuu kwamba bunduki yake iliwahi kuingia kwenye sinema. Nilimzika nikiwa nimenyamaza.

Vijana, punguzeni script mnavyotaka. Lakini mkishatoa vitu, mpeni mtu asiyejua hadithi aisome, mkae mumsikilize akisoma kwa sauti.

Hilo la script nina uhakika nalo. La Mwaura ndilo linanisumbua, na ndilo nimewaletea. Wewe ungemwambia? Andika hapa chini, nitasoma yote, hata matusi.